Kisu cha Kushoto

Yalitoka kwenye belo, Mwanjelwa, Jumanne ya mvua:
buti jeupe la kike na mwenzake,
kila moja na kisu chini ya soli.
Muuzaji akasema ni ya kuchinjia kuku
ukiwa umesimama. Watu wakacheka.
Tusekile hakucheka. Alikuwa na miaka kumi na moja
na elfu mbili za unga.

Mimi fundi viatu. Nilichomoa visu,
nikafunga magurudumu ya kigari cha mtoto,
beringi za pikipiki, bolti nane, gundi,
na jioni mama yake akaja kunigombeza kuhusu unga.

Mambo ya alama na majaji siyajui.
Sijawahi kumwona akishindana.
Nilichosoma nimekisoma kwenye ngozi.
Mwanzoni matambara yalijaa vidoleni, mguu ulikuwa mdogo.
Mwaka wa nne nikayatoa.
Mwaka wa saba nikapasua mshono, nikatia kiraka cha kupanua.
Soli zililika mbele kwanza: alikuwa bado anaogopa.
Kisha ukingo wa nje, mguu wa kulia,
ukaanza kulala kama nyasi penye njia ya ng'ombe.
Nikamuuliza. Akasema, "Ndipo ninapotua."

Anatua wapi mtu asiye ndege?
Kwenye sakafu ya ghala la kahawa, Iyunga,
saa kumi na mbili asubuhi, Juni, Mbeya inapouma masikio,
mwalimu Nzunda akihesabu kwa filimbi.
Saruji ile ilikuwa na ufa mmoja.
Aliuzoea mpaka akawa anauruka
hata kwenye sakafu za watu ambako haupo.

Dodoma alipata kikombe;
mama yake anapimia mchele wa Kyela mpaka leo.
Lusaka, wa sita.
Kampala, wa tatu, na damu kavu kwenye ulimi wa buti,
ambayo niliisugua kwa mate na sikuuliza.

Halafu ikaja barua. Nairobi. Barafu ya kweli.
"Fundi, nirudishie visu vyangu."

Sasa nikuambie.
Miaka kumi na moja ni mingi kwa chuma kizuri.
Cha kulia nilikitundika ukutani, kinang'aa kama siku ya belo.
Cha kushoto kilikuwa kinanilisha.
Nimekatia nacho soli za mapolisi, za wachungaji, za bwana harusi
aliyekimbia kabla hajanilipa;
nimekinoa kila asubuhi kwenye jiwe,
kimepungua upana wa punje mbili za mahindi.

Ningesema.
Kinywa kilijaa misumari, kama kawaida ya fundi.
Nikakiacha kijae.

Usiku nikaongeza ngozi chini ya buti la kushoto,
tabaka tatu, nikapaka rangi nyeupe juu,
nikaazima pimamaji ya seremala jirani:
kitone cha hewa kikasimama katikati.
Lakini barafu ina pimamaji yake.

Wa kumi na moja kati ya kumi na wawili.
Alishuka basi la usiku, goti limefungwa khanga,
akaniwekea mabuti mezani.
Akasema baridi ya kule ni ya mashine,
haina upepo wa Loleza.
Nilingoja aseme na lingine.
Akaniuliza bei ya kubadili zipu ya begi.

Labda lilikuwa goti.
Labda walikuwepo kumi walio bora, basi.
Nimejipa labda nyingi; hakuna inayonitosha mguuni.

Siku hizi ananunua viazi Isyonje, anauza Uyole,
anachechemea kidogo gunia likizidi debe sita.
Visu aliniachia vyote viwili.

Juzi kaleta viatu vya shule vya mpwa wake.
Nilikuwa nakata. Akakichukua kisu mkononi mwangu,
akakipima kwa kidole gumba, taratibu,
kutoka ncha hadi ncha,
akakilaza mezani, makali yakinitazama mimi.

"Viwe tayari Ijumaa," akasema.

Vilikuwa tayari Alhamisi.