Inafika

Shebughe alikuja nayo ndani ya mfuko wa rambo,
kama mtu aliyebeba nyama ya sikukuu.
Kurunzi. Nzito kama mchi,
shingoni ina mapezi ya kupozea joto,
jicho lake pana kama kisahani cha chai.
Boksi linasema kilomita moja na nusu.
"Boksi," nikamwambia, "hata la dawa ya mende husema."

Tukangoja Tanesco watusaidie.
Saa tatu kasoro wakatusaidia:
Goba yote ikazima, friji zikanyamaza,
"aaah" ya watoto ikapita nyumba hadi nyumba.
Tukapanda kwenye zege la ghorofa yake isiyoisha,
kati ya nondo zilizosimama tangu mwaka wa mkopo.

Kwanza ukuta wa Mama Tausi, hatua ishirini.
Ukuta ukawa mchana. Mjusi akaganda katikati ya mchana huo,
hajui kosa lake.
Kisha tangi la maji la kanisani.
Kisha mnara wa simu, ngazi kwa ngazi,
hadi kule juu walikolala kunguru;
wakaamka, wakaanza kugombea alfajiri.
Kamba ya nguo: sketi ya shule, soksi moja.
Mwembeni komba wawili, macho manne ya shaba,
wakatutazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji mwenye deni.

Na mwali wenyewe ulikuwa kitu cha kutazamwa,
mweupe, mnyoofu,
vumbi na wadudu wakipanda ndani yake
kama pumba zinazopepetwa na mtu asiyeonekana.

Ng'ambo ya bonde mlango ukafunguka.
Sauti ya mama mtu mzima, haina woga:
"Nani anawanga huko?"
Tukajikunyata nyuma ya matofali, tumeziba midomo.
Lugha yetu imetoa neno moja
kwa kinachokuonyesha njia
na kwa anayezunguka nyumba yako uchi saa nane za usiku.
"Si mwanga, mama," Shebughe akapaza, "ni mwanga!"
Mlango ukafungwa. Komeo la kwanza. Komeo la pili.

Nikadhani tumemaliza. Nikanyoosha mkono, nami nijaribu.
Hakunipa.
Akageukia kule chini mto unakopinda,
kwenye kivuko cha magogo.

Masika yaliyopita tulisimama hapa hapa,
mimi, yeye, na nusu ya mtaa,
na simu zetu zilizolowa,
tukimulika mvua. Mvua tu.
Tuliona matone, tuliona mikono yetu wenyewe.
Tuliita "Kihiyo! Kihiyo!"
na maji yakaitika kwa niaba ya mdogo wake.

Mwali ukashuka.
Ukapita migomba, ukapita viroba vya mchanga,
ukatua juu ya kivuko, ukatulia.
Niliweza kuhesabu magogo: saba,
la nne limepasuka, waya wa kufungia una kutu.
Matopeni kandambili ya buluu,
ya juzi tu, ya mtu mwingine, aliye kwake amelala.

Mkono wa Shebughe haukutikisika.
Chuma kilishika moto; hakubadilisha kiganja.
Dakika moja, labda mbili.

"Inafika," akasema.

Akaizima.
Na giza lililorudi halikuwa lile tulilolikuta;
hili lilikuwa na doa la kijani kila nilikotazama.
Hatukuziona ngazi.
Tukakaa juu ya mifuko ya saruji iliyoganda,
yeye na kurunzi yake mapajani, inapoa,
tukingoja macho yetu yaturudie,
macho yale yale ya siku zote,
yanayofika hatua tano, sita.