Meno Mawili ya Katikati

Jilala anasema hii ni mvua yake ya nne.
Namwambia, mfungue mdomo.

Naingiza kidole gumba pale pasipo na jino.
Ulimi wa punda, mkavu kama kipande cha gunia.
Meno mawili ya katikati ni makubwa, yamechomoza juzi,
kingo bado kali, hayajasaga hata msimu mmoja,
na pembeni yake vile vidogo vyeupe vya maziwa
kama watoto waliosahauliwa shuleni.
Mvua ya nne, Jilala?
Anatazama reli.

Sina haraka. Nimekuja Bukene na goti,
hili la kushoto, lililoanguka nami kutoka kwenye mninga
mwaka ule kamba ya mzinga ilipokatika,
na tangu hapo mizinga yangu ishirini na sita
iko mbali kuliko goti linavyotaka kusikia.
Nataka mgongo wa kunifikisha.
Nataka na utulivu, maana punda wa papara
akifungwa jirani na nyuki hufia kambani:
yule wa shemeji yangu Luhende tulimkuta
uso umevimba hadi macho hayaonekani.

Laki tatu na sitini, anasema Jilala.
Ndoo tatu, najibu moyoni,
ndoo tatu zilizochujwa, bila sega, bila nyuki mfu.

Namzunguka. Kwato nyeusi, hazina ufa.
Naweka kiganja juu ya ule msalaba wa mabegani,
nabonyeza taratibu kushuka hadi kiunoni;
habonyei, hakunji mgongo, hana kovu la tandiko.
Atakuwaje nalo? Hajawahi kubeba hata ndoo ya maji.

"Ngozi yake tu," anasema Jilala,
"wale jamaa wangenipa laki mbili na nusu,
awe amesimama, awe amelala."
Vijana waliokuwa wakicheka nyuma yetu wananyamaza.
Hesabu hiyo naijua. Tangu jamaa wapite huku
kila zizi limejifunza kumpima punda
kwa nje, na kuishia hapo hapo nje.

Mimi napima mwaka.
Ukimpanda sasa, mgongo utalegea
kama kitanda cha kamba cha nyumba ya wageni.
Kwa hiyo mwaka mzima, na miezi juu yake, atakula kwangu,
nitamlinda na fisi, nitamtembeza,
na goti litakwenda kwa miguu pembeni yake.
Mwaka huo nani anaulipa?
Laki mbili na arobaini, nasema. Ndoo mbili.
Jilala anacheka kwa pua.

Hapo ndipo treni ya mizigo ikapiga honi.
Ng'ombe wakapandana. Punda watatu wakakata kamba,
mmoja akapita na meza ya muuza dagaa.
Huyu wetu akageuza sikio moja,
akalitazama behewa la kwanza, la pili,
akarudi kwenye majani yake.

Nikakohoa nisije nikatabasamu.
"Umeona?" akauliza Jilala.
"Nimeona nini?"

Tukafika laki mbili na hamsini na tano, pamoja na kamba.
Akanyoosha mkono. Nikaushika, nikahesabu noti,
kisha vidole vikaongeza elfu kumi na tano
kabla sijavikataza.
Jilala akazipokea bila swali;
nadhani aliamini ni ile habari ya ngozi.
Haikuwa ngozi. Ilikuwa bei ya "nimeona nini,"
nami sijui kama nililipa sawa au nilipunjwa,
au kama nilimpunja bado.

Kilomita kumi na nane hadi nyumbani.
Yeye mbele kidogo, mgongo mtupu,
mimi nyuma na fimbo, nikichechemea,
na kila tuliyepishana naye njiani akiuliza
mbona nimenunua punda wa kupanda
na sijapanda.