Wakili wa Saa Moja

Ofisi yake iko Kiusa, juu ya duka la dawa za mifugo.
Nilipanda ngazi na faili ndani ya mfuko wa sukari
na elfu hamsini, bei ya debe la maharage.
"Kesi nzima ni milioni tatu," alisema Wakili Kileo.
"Sina. Niuzie saa moja."
Akavua saa ya mkononi, akailaza mezani kati yetu.

Nilianza na harusi, nikafika kwenye msiba wa mume wangu,
akaninyooshea kalamu:
"Mama, Baraza halikumzika mumeo.
Sema mpaka. Sema mwaka. Toa karatasi, nyamaza."
Kisha akaandika nyuma ya stakabadhi yangu ya kahawa,
herufi zimelala upande kama migomba baada ya upepo:
usiombe huruma, omba kielelezo kipokelewe;
swali usilojua jibu lake, usiliulize.
Hapo alipiga mstari mara mbili, karatasi ikatoboka.

Jumanne, saa tatu asubuhi.
"Najiwakilisha mwenyewe, Mheshimiwa,"
na sauti ikatoka nyembamba, ya mtoto aliyetumwa chumvi.
Shemeji Elirehema alikuja na wakili wa suti
aliyetamka jina langu kama anayesoma lebo ya dawa.
Aliposimama kupinga, niligeuza stakabadhi.
"Nakala halisi hii hapa, naomba ipokelewe."
Ikapokelewa.
Akapinga tena. Nikageuza tena.
Mara ya tatu, karatasi ilikuwa imekwisha maneno.

Kileo anajua sheria.
Usiku ule hakuwepo.
Mimi nilikuwa macho, matanga bado hayajaanuliwa,
nikasikia kule chini karibu na mfereji
kitu kinang'oka na mizizi yake, kimoja, kingine,
na kikohozi ninachokifahamu tangu nilipoolewa Uru.

"Shemeji," nikauliza, "masale ya mpakani
aliyang'oa nani?"

Elirehema akamtazama wakili wake.
Wakili wake akatazama dari.
Mzee mmoja wa baraza akaacha kuandika.
Shemeji akakohoa.

Tumeahirishwa hadi tarehe kumi na nne.
Nimeuza mkungu mmoja na jogoo mwekundu,
napanda tena ngazi zile zinazonuka dawa ya kupe.
Safari hii nusu saa itanitosha.
Maswali yaliyobaki ni mawili,
na moja ni la kumuuliza yeye:
mtu akijibu kwa kikohozi,
kinaandikwaje kwenye mwenendo wa shauri?