Hakuna Tukio

Julai, Kileleshwa. Saa moja jioni nimeingia zamu.
Lango limefungwa. Taa ya tatu haiwaki.
Baridi imefika kibandani kabla yangu,
imechukua kiti.

Koti la kampuni walilikata kwenye mshahara
miezi miwili. Koti lenyewe bado liko njiani.

Nyaboke, anayeuza chai ng'ambo, kwenye mjengo,
akaniona nikipuliza viganja, akasema:
"Mulwa, una usiku mzima na mikono miwili.
Unangoja nini?"

Sufi nene ya dukani ni ya wenye magari.
Tulikwenda Gikomba, tukafukua sweta moja pana,
zito kama kondoo aliyenyeshewa,
lebo yake lugha ya nchi yenye theluji.
Mia na hamsini. Nyaboke akakata mshono wa kwapa,
akavuta, na sweta likaanza kukimbia,
mkono, kifua, shingo,
hadi mtu mzima akawa mpira mmoja mapajani mwangu.
"Kufumua kwanza," akasema. "Kufuma baadaye."

Kulabu yake nene kama kidole cha mtoto.
Vidole vyangu vimezoea rungu.
Mnyororo wa vitanzi vinne, funga duara:
katikati pana tundu, na kazi yote
huanza kwa kuingia humo tunduni.
Nguzo tatu, pumua. Nguzo tatu, pumua.
Penye pembe, mara mbili,
kwa kuwa pembe ni kama mkwe,
salamu moja haimtoshi.

Mraba wa kwanza nilisahau pembe.
Ukajikunja, ukawa kofia ya paka.
Wa pili ukatoka na pembe tano.
Nyaboke alicheka hadi chai ikamwagika:
"Nimekwambia mraba wa nyanya,
wewe umeniletea nyanya yenyewe,
tena iliyokanyagwa sokoni!"

Nikafumua. Uzi hauna kinyongo,
ukiuachilia hauhifadhi kosa.
Ni watu wangapi ninaoweza kuwasema hivyo?

Saa nane usiku. Gari la nyumba nambari tisa.
Mwenyewe kalewa, kapiga honi, kanitukania mama.
Nimefungua lango.
Nimeandika kitabuni: Hakuna tukio.
Kisha nguzo tatu, na tatu, na tatu,
nimekaza mno, mraba umekuwa mdogo kuliko wenzake.
Huo sikuufumua.
Ni ule wa kijivu, karibu na bega la kushoto.

Agosti, miraba ishirini na minane.
Nikaitandaza juu ya magazeti ya juzi:
saba, sita, tano, ikipungua
hadi mmoja peke yake mgongoni.
Kuunganisha ndiko kugumu. Nyuso ziangaliane,
sindano ipite nyuma, usivute kama unadai.

Mjengo ulikwisha. Wakapaka rangi, wakazungusha ua,
na palipokuwa na jiko la Nyaboke
pana chungu cha maua ya plastiki.
Nasikia yuko Syokimau, kwenye mjengo mwingine.
Kulabu aliniachia ndani ya kikombe,
hakusema ni deni au ni zawadi.

Jana wa nambari tisa alishusha kioo,
akaitazama shali mabegani mwangu,
akauliza bei.
Nikamwambia taa ya tatu haiwaki.

Saa kumi na moja alfajiri. Ukungu.
Baridi imekuja, imekuta kiti kina mtu.
Nimefungua kitabu, nimeandika Hakuna,
nikakata kwa mstari mmoja.
Nimeandika: shali, moja.