Sahani ya Vidole Viwili

Nimepima tena usiku huu kwa utepe wa kushonea wa mama,
kutoka rejeta mpaka bati la miguuni:
inchi thelathini na mbili, kasoro upana wa kucha.
Injini ya Haisi ni thelathini na moja na nusu,
bila feni.
Feni tutaitia wapi?
"Mbele," kasema Fundi Ngwali.
Mbele ya nini?
"Mbele tutajua."

Landirova hii ilikuwa ya watu wa malaria,
kisha ya karafuu, kisha ya baba,
aliyeinunua mnadani kwa bei
ambayo mpaka anazikwa hakuitaja.
Hakuwa fundi. Alikuwa mtu wa kusikiliza.
Akizima njiani Mtambile, akifungua boneti,
akiinama kama anayeambiwa siri,
na sisi nyuma tumenyamaza, tusimharibie.

Sasa inakohoa. Petroli inaipokea
kama deni la zamani, bila ya asante.
Ikifika kilima cha nyuma ya skuli, Kengeja,
na magunia manane ya karafuu mbichi,
hushuka abiria, kisha magunia,
kisha mimi, mwalimu wao wa jografia,
nasukuma, na wanafunzi wangu wanahesabu.

Ngwali kapata injini Unguja, gereji ya Saateni,
3L, dizeli, ya Haisi iliyogongwa ubavuni.
"Haijafunguliwa hata nati, wallahi," kaapa muuzaji.
Kiapo cha kwenye simu, Ngwali kanambia,
kikate nusu,
nusu iliyobaki ioshe kwa petroli,
ndo uangalie.

Daftari langu limejaa alama za vidole.
Mauntingi mbili, za kuchomelea upya.
Sampu ikatwe, maana inaikalia difu ya mbele
kama mgeni aliyekosea kiti.
Ekzosi inataka kupita palepale penye stering.
Na giaboksi, kongwe, meno yake ya zamani,
itaihimili vipi dizeli?
Hapo Ngwali hutoa kijiti mdomoni, akakitazama.
"Uiendeshe kwa adabu."
Dawa nyengine hana.

Halafu sahani:
chuma cha unene wa vidole viwili,
kikae kati ya injini ya Mjapani na giaboksi ya Mwingereza,
matundu ya huku yakubaliane na ya kule.
Mama kalisikia neno kutoka jikoni.
"Sahani gani hiyo, laki tatu, isiyopakuliwa wali?"
Nikamweleza, mikono hewani, huku injini, huku giaboksi.
Kakoroga mchuzi. Kaonja.
"Basi huyo ni mshenga."

Nilipomhadithia Ngwali alicheka mpaka akakaa chini,
kisha akaacha kucheka.
"Na mshenga akipinda, japo kwa unywele,
nyumba itatetemeka mpaka klachi ife."

Jana tuliinyanyua injini ya zamani kidogo, kwa jeki, kujaribu.
Maunti ya kushoto haikuwa na mpira.
Palikuwa na kipande cha mti,
mkarafuu, kimechongwa kwa panga,
cheusi kwa oili, kimebonyea sawasawa na umbo la chuma.
Miaka mingapi? Hakuna aliyetwambia.
Siku zote zile tulipopanda kile kilima,
tulibebwa na kijiti.
Ngwali alikinusa, akanipa ninuse.
Chini ya oili, harufu bado ipo.
Alikifuta kwa tambara,
akakitia kwenye kopo la bolti tutakazozihitaji.

Leo asubuhi nimekwenda Chake kwa ajili ya kadi ya gari.
Fomu ina mstari mmoja, mfupi:
*Sababu ya kubadilisha injini.*
Nikaandika: kilima.
Karani akanirudishia dirishani.
"Mwalimu, andika sababu ya kitaalamu."
Nikaichukua kalamu yake, iliyofungwa kwa uzi,
nikaongeza:
kikali.