Msoma Mita

Kila Ijumaa kabla ya adhana ya adhuhuri
nazunguka chuo, hapa Pongwe,
na daftari la jalada gumu, kalamu mbili
(moja huwa haiandiki),
na tochi, kwa kuwa mita zetu
zimefichwa gizani kama watoto wenye surua.

Ya jikoni iko nyuma ya magogo ya mkorosho.
Ya Bweni la Pili imezungukwa na siafu:
naisoma nikirukaruka, na wanafunzi dirishani
wananihesabia, moja, mbili, tatu.
Ya Jengo Jipya ndiyo yenye kivuli.

Jengo Jipya tunaliita Kabati la Vyombo,
kwa vioo vyake. Limetazama magharibi
kana kwamba Tanga jua halitui.
Tangu saa nane mchana vioo vinakunywa moto,
basi tukanunua mapazia. Mapazia yakaleta giza,
tukawasha taa. Taa zikaongeza joto,
tukafunga viyoyozi kumi na vinne,
na viyoyozi vikatoa maji
yanayochuruzika ukutani na kuotesha ukoga.
Hakuna aliyekosea. Kila mtu
alitibu ugonjwa aliouachiwa na mwenzake.

Hatua sitini kutoka hapo
ipo karakana ya zamani ya mkonge,
kuta za mawe ya chokaa, unene wa mkono mzima,
madirisha juu, madirisha chini,
upepo unaingia bila hodi na kutoka bila kuaga.
Humo tumehifadhi viti vibovu.

Ijumaa ile Dakta Singano alikuwa anafundisha
Matumizi Endelevu ya Nishati.
Saa tano asubuhi. Jua halijafika upande ule,
lakini mapazia yana mazoea yake,
na taa thelathini zinawaka,
na vijana wamejitanda khanga na makoti kwa baridi.
Nikanyata hadi nyuma, nikafungua kisanduku.
Binti mmoja, Mwanamkasi, akageuka akaninong'oneza:
"Bi Mgeni, inasoma ngapi?"

Miaka kumi na moja nasoma mita.
Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikataja. Sikunong'ona.
"Uniti elfu moja mia mbili na sita
tangu Ijumaa iliyopita."
Kalamu ya Dakta ikabaki hewani.
"Na Bweni la Pili?"
"Watu mia mbili wanalala, wanapiga pasi,
wanachaji simu usiku kucha:
theluthi ya hiyo."
Kiyoyozi kikakohoa. Mtu akacheka, akajuta.

Kisha Dakta akafanya jambo lisilokuwemo kwenye muhtasari:
akavuta pazia. Lilivutwa kwa nguvu, pete zina kutu.
Halafu akanyanyua kiti chake mwenyewe, akatoka nacho,
na darasa zima likamfuata, viti vichwani,
mstari mrefu wa siafu wenye elimu.

Nisidanganye. Karakana ina popo.
Haina soketi hata moja. Mvua ikipiga bati
mhadhiri anafundisha kwa mikono.
Na kamati ilikaa, katika Kabati la Vyombo,
chupa za maji arobaini mezani,
ikajadili kwa saa tatu
ni nani aliyeruhusu viti kuhama.

Lakini Ijumaa iliyofuata nilisoma:
elfu moja na tisini na nane.
Nikarudia kwa tochi. Ndiyo hiyo hiyo.
Pungufu mia moja na nane, kwa pazia moja
na darasa moja lisilorudi.
Mwanamkasi alinisubiri mlangoni, nikamwonyesha daftari,
akainakili namba kiganjani
asije akaisahau njiani.

Bomba la uani, Bweni la Pili, bado linadondoka.
Nimeandika barua tatu.
Haba na haba hujaza kibaba, wanasema;
haba na haba hukimwaga pia.
Nimetega ndoo chini yake,
nimechora mistari kwa chaki pembeni.
Hiyo nayo naisoma.