Pembe ya Ng'ombe

Isongole asubuhi, chaki imelowa ukungu.
Nga, nge, ngi, ngo, ngu:
darasa la kwanza laitika, midomo inatoa moshi.
Ngoma. Nguo. Ngazi.
Halafu ng'o. Hapa g haigongi, nawaambia,
inapita puani kimyakimya.

Gwamaka ameandika ngombe.
"Huyu wako hana pembe,"
namwonyesha pale juu, palipo wazi.
Anacheka, anafuta kwa kidole cha mate,
anaandika tena: ngombe.

(Huyu huyu huniomba karamu, nikampa kalamu.
L na r ni vita ya muhula ujao.)

Jioni nimepita kwao kununua maziwa.
Yuko bandani nyuma ya migomba,
shavu kwenye ubavu unaocheua,
anamnong'oneza mnyama:
ng'o, ng'o, ng'o,
kana kwamba ndiye aliyekosa hesabu ya herufi.

Leo daftari limetoboka.
Pembe imechongwa hadi ukurasa wa pili,
na penseli imevunjika.
Ng'ombe. Ng'oma. Ng'uo. Ng'azi.
Kundi zima limeota pembe.

Nimempa vema moja, kubwa, kwenye ng'ombe.
Nguo tutazikata pembe Jumatatu.